Pete ya Kitwitwi

Yako majira katika mwaka ambayo sisi watu wa pwani hatukuyapa jina moja, kwa kuwa kila mwenye kazi yake huyaita kwa kazi yake. Mwezi wa Septemba uelekeapo ukingoni, upepo wa kusi uliovuma tangu masika kwisha hulegea. Baharia wa Bagamoyo husema ni demani, mkulima wa bonde la Ruvu husema ni wakati wa kutayarisha shamba la vuli, na mama mwenye kusuka mikeka husema ni siku za ukindu, maana nyasi zimekauka na njia za mabondeni zinapitika. Mimi, niliyezaliwa Vigwaza na kurudi kuzeekea hapo baada ya miaka 38 ya kufundisha, nayaita majira hayo kwa jina ambalo sijamsikia mtu mwingine akilitumia: nayaita siku za kusoma. Sababu ya jina hilo ndiyo kisa ninachotaka kukisimulia, nacho ni kisa cha bwawa, cha mjomba wangu, na cha pete ndogo kuliko zote nilizopata kuziona.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro huvuka mto Ruvu baada ya kuipita Mlandizi, na punde si punde huwa amekwisha kuipita Vigwaza pia, asione zaidi ya maduka ya kando ya njia na malori yaelekeayo bara. Laiti angeteremka na kufuata kijia kiendacho mabondeni, angeuona mto huo katika hali ambayo darajani haionekani. Ruvu, ambao wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliuandika vitabuni mwao kwa jina la Kingani, una chimbuko lake katika milima ya Uluguru, nao ufikapo katika bonde letu huwa umekwisha kuiacha haraka ya milimani: hupinda, hurudi ulikotoka, huzunguka kichuguu ambacho ungeweza kukifunika, na mwaka wa gharika huukata mpindo wake wenyewe na kuuacha kando, kama nyoka aachavyo gamba. Bwawa letu ni gamba moja la namna hiyo. Halina jina katika ramani yoyote niliyopata kuiona, na sisi wenyewe hulitaja kwa neno moja tu, bwawani, kama mtu atajavyo nyumbani. Urefu wake hutembewa kwa robo saa. Upande mmoja pana matete na mafunjo, upande wa pili tope na mivumo michache, na penye kina kifupi majani ya myungiyungi yametandazwa juu ya maji kama sahani za karamu.

Kwa desturi ya Wakwere, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana kauli kubwa katika malezi ya mtoto, na mjomba wangu aliitumia kauli yake kunitoa kitandani kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa mvuvi wa kambale na perege, mwenye migono sita aliyoisuka kwa mkono wake na wavu mmoja aliouthamini kuliko baiskeli yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," naye akaniitikia, "Marahaba, mpwa wangu. Umenawa uso? Basi funga kinywa mpaka jua litoke." Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake ya pekee, na kwa mwenye kuivunja alikuwa na adhabu moja tu: kesho yake hakumwamsha. Siku moja, jua likiwa limekwisha kutoka, nilimwuliza sababu ya ukimya huo, akanijibu kwamba mtu afikaye kwenye nyumba ambayo wenyewe wamelala hapigi hodi kwa kelele, bali huketi barazani akangoja waamke. Na kwamba aketiye hivyo huyajua ya nyumba hiyo kuliko yule akaribishwaye kwa wali na mchuzi.

Asubuhi ya bwawani huanza kwa sikio. Katika giza la saa kumi na moja vyura huwa bado wamelishika bwawa lote kwa sauti yao, na chekeamwezi, ndege wa macho makubwa atembeaye usiku ukingoni mwa maji, huita kwa mlio unaopanda mbio kisha ukashuka na kufifia kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu, bila ya amri ya mtu, vyura hunyamaza upande mmoja, na katika pengo lile la ukimya husikika pumzi nzito: ni kiboko aliyekuwa akila majani nchi kavu usiku kucha, sasa anarudi majini kabla ya jua kumchoma ngozi. Mjomba alikuwa akinishika bega pumzi hiyo isikikapo, tusisogee hata hatua moja, mpaka maji yaseme kwamba yamempokea. Nilijifunza hapo kwamba woga na heshima vyaweza kukaa katika kifua kimoja bila ya kugombana.

Jicho hupata zamu yake baadaye. Ukungu huinuka kutoka majini, si kwa pamoja bali kwa mafungu, na kila fungu liinukapo hufunua kitu kimoja: kisiki, ambacho baadaye huonekana kuwa mamba, mvumo uliokufa kichwa, ambao juu yake furukombe amekaa, kifua cheupe kama kanzu ya Ijumaa, mnandi aliyekunjua mbawa zake mbili kuzikausha, kwa kuwa manyoya yake huingia maji apigapo mbizi, naye husimama hivyo kitambo kirefu kama mtu anikaye nguo akiwa amezivaa. Yangeyange huondoka malaloni mwao katika safu moja, chini chini, juu ya maji yasiyo na wimbi, hata kila mmoja huonekana mara mbili. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe husimama hewani mahali pamoja, mbawa zikipiga mbio na kichwa kikiwa hakitikisiki, kisha huanguka kama jiwe. Na juu ya majani ya myungiyungi hutembea sile-maua, ambaye vidole vyake ni virefu hata uzito wake wote hugawanyika na jani halizami. Ni ndege ambaye kwake mama hutaga mayai akaenda zake, na baba ndiye alaliaye, ndiye aleaye, na penye hatari ndiye abebaye makinda chini ya mbawa zake, miguu yao mirefu ikining'inia nje.

Mjomba hakuyatazama hayo kwa kustarehe. Alikuwa akiyasoma. Furukombe akishuka mara mbili tatu na kupanda mikono mitupu, alijua samaki wamekwenda chini kwa baridi ya maji, naye hakujisumbua kutupa wavu mpaka jua lipande. Mdiria akishughulika upande wa matete, alijua vidagaa vya perege vimekusanyika hapo, na hapo hakutega hata mgono mmoja, kwani, alisema, mwenye kula mbegu hana haki ya kulalamikia mavuno. Yeye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, lakini katika maisha yangu ya ualimu, niliyoyapitisha katikati ya watu waliosoma, sikumpata msomaji aliyemshinda.

Wageni wetu wa mbali walikuwa wakifika siku zizo hizo. Kitwitwi ndiye wa kwanza. Katika mwezi wa Agosti wachache huwa wamekwisha kufika, na kufikia mwisho wa Septemba tope lote la ukingoni huwa na nyayo zao. Ni ndege mdogo, kahawia mgongoni na mweupe tumboni, asiyeweza kusimama bila ya kutikisa mkia, hata watoto wa Vigwaza tukamfanyia mchezo wa kumwiga. Baada yake hufika mbayuwayu, wakikata hewa juu ya maji na kunywa wakiruka. Kisha keremkerem, ambao husikika juu kabla ya kuonekana. Tuliwajua kwa kuja kwao na kwa kwenda kwao, na hatukuuliza zaidi. Wangekuwa wanatoka mbinguni, tungesadiki.

Asubuhi moja ya mwaka 1968, nikiwa na umri wa miaka 11, mjomba alivuta wavu aliouacha majini usiku, na ndani yake, pamoja na kambale wawili, alikuwamo kitwitwi aliyekwisha kufa. Alisikitika kwa dhati, kwa maana hakupenda wavu wake uue kisicholiwa, akaanza kumnasua taratibu uzi kwa uzi, mara akasita. Katika mguu wa ndege yule, mwembamba kama njiti ya kiberiti, palikuwa na pete ya madini meupe, nyepesi kuliko punje ya mpunga, na juu yake maandishi madogo na tarakimu.

"Huyu ana mwenyewe," alisema mjomba. "Pete haijivishi. Wewe uko shule. Chukua, mwonyeshe mwalimu wako, akusomee, kisha uje uniambie inasema nini."

Niliichukua. Sikumwonyesha mwalimu. Niliogopa kwamba akiiona ataitwaa, nami nilikuwa nimekwisha kuipenda. Kwa hiyo siku ya tatu nilimwendea mjomba na kumwambia kwamba mwalimu ameitazama na hakujua maana yake. Alinitazama kitambo, akasema, "Haya," na neno hilo halikurudiwa baina yetu kwa miaka mingi. Nikaitunga pete ile katika uzi, nikaivaa shingoni, na kwa kuwa madini yake yalikuwa yakififia kwa jasho, kila jioni niliisugua kwa majivu na mchanga laini wa mtoni mpaka ing'are. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na miaka iliyofuata nilifanya kila nilipoikumbuka. Hapana mtoto aliyekitunza kitu chake kuliko nilivyoitunza pete ile, na maneno hayo nayasema kwa majuto, kama msomaji atakavyoona.

Nilikuja kuijua maana ya pete nikiwa chuo cha ualimu, mwaka 1977, katika maktaba, nilipokuwa nikitafuta habari nyingine kabisa. Nilisoma kwamba watu wa Ulaya, kwa karne nyingi, waliwaona mbayuwayu wakipotea kila mwaka majani ya miti yaangukapo, na hawakujua wanakokwenda. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, alifikiri kwamba baadhi yao hujificha mashimoni na kulala humo. Askofu wa Kiswidi, Olaus Magnus, katika kitabu kilichochapishwa Roma mwaka 1555, aliandika kwamba mbayuwayu huzama chini ya maji na kulala huko msimu wote wa baridi, na kitabu chake kina picha ya wavuvi wakivuta wavu wenye samaki na ndege pamoja. Picha hiyo nilipoisoma habari yake ilinisimamisha, kwani wavu wenye samaki na ndege pamoja mimi niliuona kwa macho yangu, Vigwaza, si Uswidi. Kisha, mwaka 1822, katika nchi ya Mecklenburg, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki shingoni, mkuki wa kiasi cha sentimita 80 uliotambulikana kuwa umetengenezwa Afrika. Akakaushwa na kuhifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock, ambako yupo hata leo. Mwindaji fulani wa bara letu, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alikuwa amewapelekea Wazungu barua kwa mkono wa ndege, pasipo kukusudia, nao wakaisoma: korongo hawa hukaa Afrika.

Barua za makusudi zilianza baadaye. Mwaka 1899 mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmaki, jina lake Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwenezi pete za aluminiamu zenye namba na anwani, akawaachilia. Kazi ile ikaenea. Mwezi wa Mei mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete katika jimbo la Staffordshire, Uingereza, na mwezi wa Desemba mwaka 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini, na habari ya pete yake ikarudishwa Uingereza. Kiumbe ambaye uzito wake ni kiasi cha gramu 20 alikuwa amevuka jangwa la Sahara na misitu na maziwa, na watu wa ncha mbili za safari yake wakajuana kwa sababu tu mtu mmoja wa upande wa huku aliyasoma yaliyoandikwa na kuyajibu.

Nilikifunga kitabu kile, na mikono yangu ikitetemeka. Nilisikia haya ambayo sijapata kuisikia tena, kwa maana nilifahamu kwamba miaka tisa iliyopita niliandikiwa barua nami nikaivaa shingoni. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani moja kwa moja kwenye kasha la mama, nikaitoa pete kutoka katika kitambaa nilichoifungia, nikaipeleka mlangoni penye jua. Iling'aa. Iling'aa kama siku niliyoipata, na zaidi. Lakini juu yake hapakuwa na herufi wala tarakimu. Aluminiamu ni madini laini, na majivu yangu na mchanga wangu wa jioni vilikuwa vimeifuta anwani yote. Palibaki mchirizi mmoja mdogo, labda mkia wa tarakimu saba, labda mkwaruzo tu. Mahali fulani duniani palikuwa na daftari lenye namba ya ndege yule, na mbele ya namba hiyo nafasi tupu, na nafasi ile itabaki tupu hata mwisho wa dunia kwa sababu ya mtoto mmoja wa Vigwaza aliyependa pete.

Wahenga walisema akiba haiozi. Amana haina bahati hiyo. Huoza mikononi mwa aliyepewa, akiwa amedhani kwamba kuitunza ni kuipenda.

Ningekuwa mwepesi wa kuelewa, funzo hilo lingenitosha. Miaka ya mwanzo ya 1980, nikiwa mwalimu kijana niliyepangiwa karibu na nyumbani, niliona kwamba bwawa letu limezingirwa na matete hata maji hayaonekani kwa mbali, nikaona haya kwa niaba yake. Nilitoa shauri tulisafishe. Nilikusanya wanafunzi na vijana wa kijiji, wenye mapanga na mafyekeo, na kwa Jumamosi tatu tulifyeka upande mzima mpaka ukingo ukawa wazi kama uwanja. Lilipendeza. Maji yalionekana kutoka njiani, yakimetameta, na watu walinipa mkono wa hongera.

Masika yaliyofuata mvua iliuchukua ukingo ule uliovuliwa nguo, kwa kuwa mizizi ya matete ndiyo iliyokuwa imeushika udongo, na maji yakawa mekundu wiki nyingi. Minana, ambao walikuwa wakining'iniza viota vyao kwa mamia katika mabua yale, hawakuwa na pa kuning'iniza. Perege jike hubeba mayai na vidagaa wake kinywani mpaka waweze kujitegemea, kisha huwaachilia penye maficho. Maficho tuliyakata sisi, tukayachoma moto. Ilipofika Septemba nilikwenda bwawani alfajiri, nikamkuta mjomba ameketi mahali pake, mzee sasa, wavu mkavu kando yake. Vitwitwi walikuwapo watatu. Mdiria hakuwapo. Tulikaa kimya mpaka jua likatoka, kama sheria ilivyotaka, ndipo akasema, bila ya kunigeukia:

"Umeling'arisha, mpwa wangu. Kama ile pete."

Nilifahamu mara moja kwamba alijua. Mwalimu wangu wa zamani na yeye walikuwa wakiswali msikiti mmoja. Mjomba alimwuliza juma lile lile la mwaka 1968, akajibiwa kwamba hakuna pete iliyoonyeshwa. Kwa miaka yote hiyo alinisitiri, hakunifedhehesha mbele ya mama wala mbele ya watu, akangoja siku ambayo neno lake lingekuwa na faida. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwamba radhi alikwisha kunipa zamani, kwa kuwa mtoto hupenda kwa mikono; na kwamba sasa mimi ni mtu mzima, nijifunze kupenda kwa macho.

Katika yote niliyosoma vyuoni, sikupata tafsiri ya elimu iliyo fupi na timamu kuliko hiyo. Yako mapenzi ya kung'arisha na yako mapenzi ya kusoma. Mwenye mapenzi ya kwanza akutanapo na kitu hukitaka kiwe kizuri machoni pake, hukisugua, hukifyeka, hukinyoosha, na kila akizidisha juhudi kitu hupoteza kile kilichoandikwa juu yake. Mwenye mapenzi ya pili huketi barazani kwa kitu hicho, akangoja kiamke, akakiuliza kimetoka wapi na kinakwenda kwa nani. Wazazi wengi huwapenda watoto wao kwa mapenzi ya kwanza. Walimu vilevile, nami nimo. Nimepata kuwa na wanafunzi niliowasugua mpaka wakang'aa katika mitihani, na leo sijui hata mmoja wao alikuwa ameandikwa nini.

Bwawa lilisamehe polepole. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliupandisha mto hata bonde lote likawa maji mamoja, na yalipopungua yaliacha udongo mpya, na katika udongo mpya matete yakaota pale pale tulipoyakata. Mjomba hakuyaona. Mimi niliyaona, nikasimama mbele ya matete hayo kama mtu aliyerudishiwa deni alilostahili kulipa yeye.

Lakini nimeuona na mwaka wa kinyume chake. Vuli ya mwaka 2022 ilichelewa, mto ukapungua hata mkazi wa Dar es Salaam, ambaye huenda hajapata kusikia jina la Vigwaza, akafungua bomba lake na kusikia upepo. Mitambo miwili huuchota mto huu kwa ajili ya jiji: wa Ruvu Juu, Mlandizi, uliojengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, Bagamoyo, wa mwaka 1976; katika siku ya neema mmoja huweza kutoa lita milioni 196 na wa pili lita milioni 270. Mwezi wa Oktoba mwaka ule maji yaligawanywa kwa zamu, na sisi huku tulilitazama bwawa likigeuka tope, na tope likipasuka kama kisigino cha mkulima. Kambale walikusanyika katika dimbwi moja la mwisho; kongoti walisimama kulizunguka kama mashahidi wa mirathi. Hata hivyo vitwitwi walifika. Walitoka walikotoka wasijue kwamba hapana maji, wakatembea juu ya nyufa wakitikisa mikia, wakatafuta, na baada ya siku nne wakaondoka. Tuliipa dunia nzima ya kaskazini jibu letu la mwaka huo, nalo lilikuwa jibu baya.

Ndipo nilipofahamu kwamba pete ile haikuwa amana ya pekee niliyopewa. Maji haya tuliyazoea kuyaita yetu kwa kuwa yanapita kwetu. Kumbe ni ya Uluguru yakielekea Dar es Salaam, kama ndege walivyo wa mashamba ya ng'ambo wakielekea ncha ya Afrika, nasi tumekaa katikati kama mtu aliyekabidhiwa mzigo njiani. Kila mti unaokatwa milimani, kila tanuri la mkaa linalowashwa mabondeni, kila ukingo unaolimwa hadi majini, ni mkono unaoisugua anwani. Wala wafanyao hivyo aghalabu si watu wabaya. Wengi wao wanatafuta chakula cha watoto, na baadhi yao, kama mimi wa Jumamosi zile tatu, wanadhani wanatengeneza.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nikifundisha majira ya mwaka, na kitabu chetu kilitafsiri kwa neno vuli yale majira ya Ulaya ambayo majani huanguka na baridi hukaribia. Msichana mmoja wa darasa la tano aliinua mkono akasema, "Samahani mwalimu. Vuli yao ndege wanaondoka, na vuli yetu ndege wanafika. Ni ndege wale wale?" Nilimjibu kwamba ndio wale wale, na kwamba yeye, kwa kuweka maneno mawili kando kwa kando, amesoma kitu ambacho wanazuoni wa Ulaya walikitafuta kwa miaka elfu mbili wakitazama chini ya maji. Juma lile lile niliwapeleka darasa zima bwawani, alfajiri, watoto 41, na kwa saa nzima hapana aliyefungua kinywa.

Sasa ninalo daftari. Kila asubuhi kuanzia mwisho wa Agosti mpaka vuli ishike, huketi mahali pa mjomba, na jua likisha kutoka huandika: tarehe, upepo, kiasi cha maji kwa kisiki nilichokitia alama, na kila niliyemwona, kwa idadi. Sina elimu ya darubini ghali wala ya maabara. Ninayo darubini moja ya zamani aliyoniachia mwalimu mwenzangu, na ninao muda, ambao ni mali ya wazee. Wajukuu wa dada zangu huja mmoja mmoja, yule aamkaye. Huniamkia, nami huwauliza kama wamenawa uso.

Na kila kitwitwi anapotua kwenye tope, kabla ya kutazama rangi yake wala mwendo wake, naitazama miguu yake, wa kulia kisha wa kushoto. Mpaka leo sijamwona mwenye pete. Huandika hivyo hivyo, kwa wino, katika safu niliyoitengea: hana. Penseli nimeikataa na kifutio sikinunui. Na pete ile ya 1968, isiyosema kitu, nimeishona kwa uzi katika jalada la daftari, mahali ambapo kidole changu hakiifikii.